Jinsi ya kuikagua simu iliyotumika kabla pesa haijatoka mkononi

Kwenye ukoo wetu mtu akitaka simu, mimi ndiye ninayetumwa Kariakoo. Shangazi yangu wa Morogoro hutuma pesa na sentensi moja tu: "Mwanangu, nitafutie yenye kamera nzuri na chaji isiyoisha." Basi naacha maabara ya shule ninayoitunza huku Mbagala, napanda daladala, nashuka Msimbazi na kukata kuelekea Mtaa wa Aggrey. Navipenda vifaa hivi kwa dhati. Nafurahi kuvifungua, kuvipima, kuvipanga upya na kuona kimoja kinaishi miaka mingi kuliko alivyotarajia mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu: simu ya daraja la juu iliyotumika miaka miwili au mitatu inaizidi simu mpya ya bei ileile, kwa kioo, kwa kamera na kwa kasi. Sharti lake ni ukaguzi, na ukaguzi unataka muda. Muuzaji atasema anachotaka kusema. Simu yenyewe ukiibana vizuri itakueleza ilikotoka, ilivyotumika na kama ina deni la mtu.

Kabla ya kutoka nyumbani

Usiende Kariakoo kuchagua. Nenda ukiwa umeshachagua modeli moja au mbili, vinginevyo winga, yaani dalali wa dukani, atakuchagulia, naye atakuchagulia iliyokaa dukani siku nyingi.

Kitu cha kwanza ninachotazama katika kuchagua ni umri wa masasisho, kwa sababu programu za benki na za malipo huziacha simu zenye mfumo wa zamani. Kwa upande wa iPhone, mfumo wa iOS 26 uliotoka Septemba 2025 hauingii kwenye XR, XS wala XS Max, kwa hiyo hata uambiwe bei gani, anzia iPhone 11 kupanda juu. Kwa Samsung, Galaxy S22 ya mwaka 2022 iliahidiwa miaka mitano ya masasisho ya usalama. Galaxy S24 iliyotoka Januari 2024, na Pixel 8 ya Google iliyotoka Oktoba 2023, ndizo zilizoanza kuahidiwa miaka saba. Hesabu kuanzia siku modeli ilipotoka kiwandani, kwa maana tarehe utakayonunua wewe haihesabiki.

Halafu naandaa mfuko wangu: laini yangu yenye salio na bando, pini ya kutolea laini, pawabanki, waya mmoja wa Type-C na mmoja wa iPhone za zamani, hedifoni, kitambaa laini, na kipimo kidogo cha USB kinachochomekwa kati ya chaji na waya kikaonyesha volti na ampea. Kipimo hicho ni kidogo kama kidole gumba, na sijui mtu wa vifaa anawezaje kuishi bila nacho.

Namba zinazosema ukweli

"Dada, hii ni mpya kabisa, imetoka Dubai juzi." Sawa, kaka. Niwashie.

Simu ikishawaka, piga *#06#. Itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15. Nane za mwanzo hutaja modeli, sita zinazofuata ni namba ya simu hiyo peke yake, na ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu ya zile nyingine. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nawe utajibiwa aina na modeli ya simu. Hatua hii ni muhimu hapa kwetu kwa sababu tangu usiku wa Juni 16, 2016 simu bandia huzimwa kwenye mitandao ya Tanzania. Kama mkononi umeshika Samsung na jibu limetaja simu nyingine, rudisha, aga, ondoka. Jibu likilingana bado usiridhike, maana watengenezaji wa bandia huweza kunakili IMEI ya simu halisi. Linganisha namba hiyo na iliyo kwenye boksi, na kwa simu nyingine iko pia kwenye kitreya cha laini.

Sasa ingia Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, usome namba ya modeli. Hapa ndipo simu inataja nchi yake. Kwa Galaxy, herufi ya mwisho ikiwa U ilitengenezwa kwa soko la Marekani, ikiwa N ni ya Korea Kusini, na B ni ya soko la kimataifa. Namba inayoanza na SC au SCG ni ya Japani, na simu za Japani hutoa mlio kila unapopiga picha hata ukizima sauti. Shangazi yangu anapiga picha kanisani, kwa hiyo za Japani hazimfai, ingawa huwa safi sana.

Kwa iPhone tazama herufi ya kwanza ya namba ya modeli. M ni iliyouzwa ikiwa mpya, F ni iliyokarabatiwa na Apple wenyewe, N ni iliyotolewa badala ya iliyoharibika. Wala F si mbaya, ila mtu asikuuzie F kwa bei ya M. Ukurasa huohuo, simu ikiwa imeshabadilishwa betri, kioo au kamera, kuanzia iOS 15.2 utaona sehemu ya historia ya vipuri inayosema kama kipuri ni halisi au hakijulikani.

Jambo moja la iPhone za Marekani ni la kuzingatia sana: kuanzia iPhone 14, zilizouzwa huko hazina tundu la laini kabisa. Zinatumia eSIM tu, laini iliyomo ndani ya simu yenyewe isiyochomekwa. Kabla hujaipenda, uliza mtandao wako kama utakupa eSIM na kwa utaratibu gani, la sivyo utarudi nyumbani na kamera nzuri isiyopiga simu.

Ifute mbele ya muuzaji

Kati ya hatua zote, hii ndiyo ambayo mawinga hawaipendi, na ndiyo nisiyoiacha hata nikiwa na haraka ya kuwahi gari.

Mwambie muuzaji airudishe simu kwenye hali ya kiwandani kupitia Mipangilio, ukitazama. Ikimaliza, washa intaneti ya simu yako uigawe, kisha uianzishe hiyo simu wewe mwenyewe mpaka ufike kwenye ukurasa wa mwanzo. Utakutana na moja kati ya mambo matatu.

Inaweza kukudai akaunti ya mtu. Android tangu toleo la 5.1 huweza kukumbuka akaunti ya Google ya mwenye simu hata baada ya kufutwa, na iPhone inakumbuka akaunti ya Apple. Muuzaji akikuambia "hiyo fundi anaitoa dakika tano", jua kwamba unauziwa kufuli la mtu mwingine, na huenda mwenye simu analia huko aliko.

Inaweza kusema kifaa hiki kinasimamiwa na kampuni. Hizo ni simu za ofisi za nje, au ni za mkopo. Simu za mkopo zimejaa mitaani sasa hivi. Mtu analipa kidogo kidogo, anashindwa, anaiuza. Ukiinunua itafanya kazi vizuri, kisha siku moja kioo kitajifunga na kukuonyesha deni usilolikopa. Ukiona neno lolote la usimamizi wakati wa kuianzisha, au ukiingia kwenye orodha ya programu zenye mamlaka juu ya kifaa ukakuta moja isiyokubali kuondolewa, rudisha.

La tatu ni kwamba itafunguka bila kuuliza kitu. Hiyo ndiyo simu ya kuendelea nayo.

Kioo, tachi na vingine

Futa kioo kwa kitambaa, kisha fungua picha nyeupe tupu na uongeze mwanga hadi mwisho. Vioo vya OLED vikizeeka hubaki na vivuli: utaona alama ya kibodi au ya mstari wa saa na mtandao juu. Punguza mwanga hadi chini kabisa utafute mstari wa kijani au wa waridi unaoshuka kutoka juu. Taa za madukani ni kali mno, zinaficha, kwa hiyo mimi huinama nayo chini ya meza ya kaunta au nasogea kivulini.

Kupima tachi kuna njia rahisi isiyohitaji programu. Shika alama ya programu yoyote kwenye ukurasa wa mwanzo, iburute bila kuinua kidole, mstari kwa mstari, kioo chote, pembe zote. Ikidondoka mahali pamoja kila ukipita hapo, tachi imekufa hapo. Kwa Samsung piga pia *#0*#, itafunguka menyu ya kiwandani yenye vipimo vya rangi, tachi, spika, mtetemo na vihisi. Simu nyingi za bandia hazina menyu hiyo.

Toa kitreya cha laini umulike ndani kwa tochi. Kwenye iPhone kuna kibandiko kidogo ambacho rangi yake ya kawaida ni nyeupe au ya fedha, kikiingiliwa na maji huwa chekundu. Ukikiona chekundu usisikilize habari ya kuzuia maji. Simu ya IP67, daraja la kuzuia maji, ilipimwa mita moja kwa dakika 30 ikiwa mpya, na gundi iliyoshaachia au kufunguliwa na fundi haizuii tena kitu.

Weka laini yako, mpigie mtu. Kwenye mazungumzo funika sehemu ya juu kwa kiganja uone kama kioo kinazima, badili kwenda spika ya nje, chomeka hedifoni. Piga picha ya mbali na ya karibu kwa kila kamera, rekodi video fupi uisikilize. Hatua hizi ni nyepesi, zifanye haraka.

Betri

Hapa nitakaa kidogo, maana karibu kila lawama ninayoletewa kuhusu simu mwishowe ni ya betri.

Betri ya lithiamu ni kitu kinachoisha. Apple wanasema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimetengenezwa kubaki na asilimia 80 ya ujazo baada ya mizunguko 500 ya kuchaji, na za iPhone 15 baada ya mizunguko 1,000. Mzunguko ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, hata ikitumika kwa siku mbili tatu. Kwa iPhone, afya ya betri utaiona kwenye Mipangilio upande wa Betri. Ikiwa 85 kwenda juu na kipuri ni halisi, vizuri. Ikiwa chini ya 80, si lazima uiache, ila toa gharama ya betri mpya kwenye bei. Ikiwa 100 kwenye simu ya miaka minne, betri imebadilishwa, na ile historia ya vipuri itakuambia imebadilishwa kwa kitu gani.

Kwa Samsung fungua programu ya Samsung Members, kwenye uchunguzi wa simu, ujaribu betri. Jibu lake ni la maneno, si la asilimia, kwa hiyo naongeza kipimo changu. Naomba simu iwe na chaji chini ya nusu, maana ikikaribia kujaa hupokea umeme kidogo kwa makusudi. Nachomeka kwenye chaji ya kasi kupitia kipimo cha USB. Samsung ya chaji ya kasi ya kawaida ya wati 15 inapaswa kupanda hadi volti 9 na ampea kama moja na nusu. Ikibaki volti 5 na nusu ampea wakati waya na chaji ni vizima, tundu la chaji lina shida. Huku ikichaji nawasha kamera ya video, naishika mgongoni. Uvuguvugu ni kawaida. Asilimia zikiruka, kutoka 43 kwenda 38 kwa mkupuo, betri hiyo imekwisha.

Na angalia ubavuni, kioo na fremu vinapokutana. Kikiwa kimeinuka hata kidogo, betri imeanza kuvimba. Usiibonyeze irudi. Iache palepale ilipo.

Kulipa

Ukiridhika, ndipo mzungumze bei, na betri au mkwaruzo uliouona ndiyo silaha yako. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la duka, na IMEI iandikwe kwenye risiti au kwenye karatasi ya dhamana kwa mkono na mhuri. Ikitokea polisi wakaifuatilia simu hiyo kwa kuwa iliibwa, karatasi hiyo ndiyo itakayokutenganisha na mwizi. Muuzaji asiyetaka kuandika IMEI ameshakujibu swali ambalo hukumuuliza.

Ukifika nyumbani

Kabla ya kuweka picha na nyimbo, weka PIN ya laini. Sizungumzii namba ya kufungulia simu, nasema PIN ya laini yenyewe, inayoulizwa simu ikizimwa na kuwashwa au laini ikihamishiwa kwenye simu nyingine. Mwizi wa Dar hana shida na kioo chako kilichofungwa. Anatoa laini, anaiweka kwenye kitochi, anaanza kuomba namba za siri mpya za pesa zako. PIN ya laini inamkwamisha hapo. Uliza mtandao wako PIN ya mwanzo kabla ya kubahatisha, kwa kuwa ukikosea mara tatu itakudai PUK, namba ya kuifungua laini iliyojifunga, na PUK ukiikosea mara kumi laini imekufa. Ukishika simu hivyo hivyo, piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na usiyoitambua kaifungishe kwa mtandao husika. Ujumbe wa kitapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" peleka 15040.

Andika IMEI kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Kuhusu kuchaji, adui mkubwa wa betri huku pwani ni joto. Apple wanataja nyuzi 0 hadi 35 kama hali ya hewa inayofaa kutumia iPhone, na Dar ya mwezi wa pili inakaribia kabisa mpaka huo hata kivulini. Kwa hiyo usichaji simu chini ya mto, usiiache kwenye dashibodi ya gari, na vua kava nene ukichaji kwa kasi. Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Uwashe. Shangazi alilalamika kwamba namnyima asilimia 20 zake, nikamwonyesha pa kuuzima siku za safari.

Tundu la chaji likilegea, mara nyingi ni vumbi la mfukoni lililoshindiliwa ndani. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mbao, toa polepole. Usitumie sindano. Simu ikilowa usiizike kwenye mchele, chembe zake huingia ndani na Apple wenyewe wanakataza. Izime, itikise maji yatoke tundu likiwa limetazama chini, iache penye upepo, na usichaji mpaka ikauke.

Pawabanki na kadi, mahali penye uongo mwingi

Pawabanki hupimwa kwa volti 3.7 za betri yake, lakini simu inapewa 5. Kwa hiyo ya mAh (kipimo cha ujazo wa betri) 10,000 ina wati-saa 37, na ukigawa kwa 5 unapata mAh 7,400, kisha joto linakula sehemu nyingine. Simu ya mAh 5,000 itaijaza mara moja na kidogo, na huo ni ukweli wa pawabanki nzuri.

Ya uongo naijua kwa uzito. Betri moja ya duara ya aina ya 18650 ina gramu kama 45 hadi 50 na hubeba mAh 2,000 mpaka 3,500. Ili kufikia 20,000 zinahitajika sita au zaidi, yaani gramu zinazokaribia 300 kabla ya kuhesabu ganda. Ukishika iliyoandikwa 50,000 nayo inaelea mkononi, hesabu imeshajibu. Kwa wanaosafiri kwa ndege, kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, na inakaa kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo.

Kadi za kumbukumbu ni vivyo hivyo. Kadi ya GB 512 kwa bei ya chai na maandazi huwa ndani ni ndogo sana, imefundishwa tu kutaja namba kubwa, na picha zikipita ujazo wake halisi zinafutana. Ipime kwenye kompyuta kwa H2testw, au F3 kama unatumia Linux au Mac. Programu hizo zinaijaza kadi yote kisha zinasoma kilichoandikwa. Zinachukua saa nyingi kwa kadi kubwa, kwa hiyo ziache usiku, na fanya hivyo kabla ya kuweka picha hata moja.

Simu ya zamani

Iliyobaki nyumbani usiiuze ikiwa na wewe ndani yake. Anza kwa kuhamisha WhatsApp na picha, na uhakikishe zimefika kwa kuzifungua kwenye simu mpya. Kisha toka kwenye akaunti ya Google au ya Apple, ukizima na ile huduma ya kuitafuta simu ikipotea. Ondoa programu za benki, toa laini na kadi, ndipo uifute kupitia Mipangilio. Ukiifuta kabla ya kutoka kwenye akaunti, utakayemuuzia anaweza kukwama palepale nilipokuonyesha juu, na atakutafuta. Mimi ya kwangu ya zamani nimeiacha mezani kama kigawa intaneti cha nyumba, ina laini yake ya bando la mwezi, chaji imesimamishwa kwenye 80, na haina kava ili isipate joto.